Kabla ya Kuinua Tuta, Jua Maji Yanakokwenda

Mazungumzo ya afisa wa kilimo nyanjani na vikundi vya bustani za nyumbani, Kaunti ya Kilifi, kabla ya mvua za masika

  

Nimeombwa nizungumze juu ya matuta ya kuinuliwa kwa ajili ya mboga za nyumbani. Ofisini swali tunaloulizwa sana siku hizi ni mbao zinapatikana wapi na boksi moja la mboga litagharimu pesa ngapi. Mimi naomba tulianzie mbali kidogo. Kabla ya mbao, kabla ya mawe, kabla hata ya kushika jembe, kila mmoja ajue maji yakimwagika kwake yanakwenda wapi. Tuta la kuinuliwa lina kazi kubwa moja, nayo ni kuutoa mzizi kwenye maji yaliyosimama. Mzizi nao unavuta hewa. Ukikaa ndani ya maji siku mbili tatu unaoza, na sukuma wiki inaanza kunyauka huku udongo umelowa, mwenye shamba anadhani ni kiu anaongeza maji mengine. Basi kama kwako maji yanasimama, inua. Kama kwako maji yanakimbia, ukiinua udongo umeufanyia jua kazi rahisi, maana sasa linaukausha kwa juu na kwa ubavuni pia.

Tuelewane kwanza juu ya maneno, kwa sababu huwa tunachanganyana. Kitalu ni pale tunapokuza miche midogo kabla ya kuipandikiza. Tuta ni pale mboga itakapokaa hadi tuichume. Leo nasema juu ya tuta.

Kilifi yetu haina udongo wa aina moja. Ukitoka Mtwapa ukafuata barabara kuu hadi Watamu na Malindi, ukanda wa karibu na bahari umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mahali pengine jembe linagonga jiwe kabla halijazama shibiri moja. Ukipanda bara kidogo kuna mchanga, ule mwekundu wa Magarini kwa mfano, unaokunywa maji kama hayakuwahi kumwagwa. Ukishuka mabondeni, kando ya Mto Sabaki na katika baadhi ya sehemu za Rabai, kuna mfinyanzi unaoshika maji na kuyakatalia. Halafu kuna Ganze, ambako shida ya kwanza ni mvua yenyewe. Watu hawa wote wakipewa picha moja ya boksi la mbao waige, wengine watavuna na wengine watapoteza pesa, na watakaopoteza watasema kilimo cha nyumbani hakifai.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chimba shimo dogo pale unapotaka kulima, kina chake kiwe kama sentimita 30. Lijaze maji, uyaache yazame yote. Lijaze mara ya pili, sasa tazama saa. Maji yakiisha kabla ya nusu saa, una mchanga, na tuta refu la kwenda juu halikufai. Yakichukua saa kadhaa, udongo wako ni wa kati, tuta la chini tu linatosha. Ukilijaza asubuhi na jioni maji bado yapo, inua bila kusita. Fanyeni kipimo hiki wiki hii kabla mvua haijaanza, kwa sababu mwezi wa tano, wakati masika yamekolea, kila shimo litakuwa na maji na hakuna litakachokueleza.

Nianze na wa mfinyanzi. Nyinyi ndio wenyewe hasa wa matuta ya kuinuliwa. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwisho wa 2023, na zile za Aprili na Mei 2024. Tuta halizuii mto uliovunja kingo, hilo niliseme wazi asije mtu akajenga bustani ndani ya mkondo wa Sabaki akitegemea shibiri moja ya udongo. Lakini kwa mvua ya kawaida inayotuama uani siku tatu, shibiri moja au moja na nusu inatosha kuokoa mboga. Usihangaike kutafuta udongo wa kununua. Pima njia mbili za kupitia, kila moja upana wa dhiraa moja, chimba udongo wa juu wa hizo njia uurushe katikati. Hapo hapo tuta limepanda na njia zimeshuka, na maji yana pa kwenda. Juu ya tuta lifanye kama mgongo wa kobe ili maji yateremke. Njia zenyewe zipe mteremko mdogo kuelekea mahali pamoja, na mahali hapo pasiwe mlangoni kwa jirani. Kesi za mfereji uliogeuziwa boma la mwenzio chifu anazijua vizuri kuliko mimi. Na maji yasilale njiani wiki nzima, maana huko ni kufuga mbu.

Mfinyanzi usiuchimbe ukiwa umelowa. Ukiukanyaga mbichi unakauka kama tofali na utauvunja kwa nyundo. Chimba sasa, mvua ikute tuta tayari.

Wa mchanga na wa Ganze, nyinyi nawaomba mfanye kinyume. Shusheni. Chimba tuta la kuzama, upana ule ule wa mita moja, kina cha shibiri moja, na ule udongo uliotoka uuzungushie kama ukingo wa sahani. Changanya samadi ndani, panda humo chini. Mvua kidogo ikinyesha inakusanyika kwenye mizizi badala ya kupotea, na ukingo unakinga upepo. Baina ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua ilitukosea misimu mitano mfululizo. Aliyepitia hiyo hahitaji kuelezwa thamani ya tone. Najua tuta la kuzama halipendezi kwenye picha kama boksi lililopakwa rangi, na wageni wakija kutembelea kikundi wanapenda kuona kitu kilichosimama. Lakini anayekula mboga ni wewe, wageni watakwenda zao.

Sasa watu wa matumbawe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenu tuta la kuinuliwa lina sababu nyingine kabisa. Kwenu maji hayasimami. Nyinyi mnainua kwa kuwa udongo haupo. Mwamba uko karibu, na mzizi wa nyanya au biringani unahitaji pa kushuka. Kwa hivyo mnajenga juu, ila mnajenga mkijua mnapambana na ukavu. Mbavu za tuta zijengwe kwa kitu kisichovuja hovyo. Mawe yako hapo hapo chini, yapange vipande viwili au vitatu kwenda juu, uzibe nafasi kwa udongo wa mfinyanzi. Magogo ya mnazi ulioanguka pia yanafaa kwa misimu michache, kisha mchwa watayadai yao.

Chini kabisa ya tuta, kabla ya udongo, panga makumbi ya nazi, upande wa ndani wa kumbi utazame juu kama vikombe. Makumbi yanashika maji kama sponji na yanayaachia polepole. Ila yachague. Yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi ya bahari, usiyatie. Hata makumbi ya kawaida yaliyofuliwa juzi yana chumvi yake ya asili. Yaliyokaa nje yakanyeshewa msimu mzima ndiyo mazuri. Huna hayo, loweka mapya kwenye maji baridi siku kadhaa, mwaga yale maji, rudia.

Jambo la pili kwa watu wa matumbawe ni majivu. Mmefundishwa, na vitabu vingi vinasema, mtie majivu ya jikoni kwenye bustani. Kwa udongo mchachu wa milimani ushauri huo ni mzuri. Udongo wenu tayari una chokaa nyingi kwa sababu ya matumbawe, na majivu yanauongezea ukali ule ule. Mkiona jani changa la juu linakuwa manjano na mishipa yake inabaki kijani, mara nyingi mmea umeshindwa kuvuta madini ya chuma kutoka kwenye udongo wa namna hiyo, hata kama yamo. Dawa yake ya kudumu ni mboji na samadi iliyoiva, kwa wingi, kila msimu. Majivu yawekeni kwa kazi nyingine.

Ukubwa wa tuta ni mmoja kwa wote. Upana usizidi mita moja na ushee, yaani uweze kufika katikati kwa mkono kutoka kila upande bila kukanyaga. Tuta likikanyagwa limekwisha, udongo unashikana na kazi yako yote ya kuulegeza imepotea. Kwa mama mwenye maumivu ya mgongo au mzee anayetaka kuchuma akiwa ameketi, hapo ndipo napokubali tuta refu la kufika magotini, hata kama ni la gharama, kwa sababu hilo ni la kumwezesha mtu kulima ambaye asingelima. Urefu ni utakavyo. Tuchukue mita nne, tupate hesabu.

Tuta la mita moja kwa mita nne, kina cha sentimita 20, linataka udongo na mboji karibu toroli 13. Ukisema kina kiwe sentimita 30, zinafika 20. Ukitaka kufika kiunoni kama kwenye picha za mtandaoni, unahesabu toroli 50 na kuendelea, na mtu wa kuzisukuma ni wewe au mwanao. Ndiyo maana nasema chagua kina kwa sababu, usichague kwa kuiga. Mchicha, kunde za majani, dania na mnavu zinaridhika na kina kidogo. Nyanya, biringani na mabenda zinataka zaidi. Mchanganyiko wa kujaza: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyoiva au mboji. Samadi ya mbuzi tunayo kwa wingi kule bara na huku ukanda wa bahari inatafutwa, vikundi vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Ya kuku iwekwe ivunde mpaka ipoe na harufu ikatike, ikiwa mbichi inaunguza miche. Jaza hadi juu kabisa, kwa sababu baada ya mvua ya kwanza litashuka.

Maji sasa. Kwa joto letu, hilo tuta la mita moja kwa nne litakunywa karibu mtungi mmoja wa lita 20 kila siku ya jua. Matuta matatu ni mitungi mitatu. Kwa wiki ni mitungi 21. Kama unanunua maji, zidisha na bei ya kwenu kabla hujajenga, halafu linganisha na unachotumia sokoni kwa mboga wiki hiyo. Nasema haya mbele ya akina mama kwa sababu anayeubeba huo mtungi tunamjua. Kuna kikundi kinachopanga matuta kumi kwa mradi, bomba likikauka mwezi wa kwanza, wanabaki na mbao. Afadhali tuta moja linalokula maji ya kuoshea mboga na mchele, lenye kijani mwaka mzima. Maji ya sabuni ya unga msimwage hapo, yana chumvi zake.

Ukimaliza kupanda, funika udongo. Nyasi kavu, makanja ya mnazi yaliyokatwakatwa, majani ya mwarobaini, chochote kisicho na mbegu. Matandazo ya unene wa vidole vitatu yanapunguza sana ule mtungi. Yasiguse shina, na chunguzeni mchwa kila mara. Mkiona wameanza, ondoeni yaliyoliwa, mweke mabichi.

Wenye visima karibu na bahari, onjeni maji yenu, hasa mwisho wa kiangazi. Yakiwa na magadi kidogo, spinachi itavumilia, kunde zitajitahidi, lakini maharagwe, karoti na vitunguu vitakusikitisha. Mwagilia kwa wingi kwa mara chache, usinyunyize kidogo kidogo, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Ukiona ukungu mweupe juu ya udongo uliokauka, ni chumvi hiyo, na mvua ya masika ndiyo itakayoiosha. Hapo kuinuliwa kwa tuta kunasaidia, kwa kuwa lina njia ya kutolea.

Nije kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Watu wanajenga mbavu za matuta kwa chochote kilicho bure. Nawaomba msitumie nguzo za umeme za zamani. Zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na dawa hizo, nyeusi zile za mafuta au zile za kijani zenye shaba na aseniki, zinaingia kwenye udongo. Vipande vya mabati ya asbesto kutoka nyumba kuukuu msivikate wala kuvivunja, vumbi lake linaharibu mapafu. Msilete udongo kutoka gereji, palipomwagwa oili au palipokuwa pakivunjwa betri za magari. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na madini ya risasi yakaingia kwenye mazingira yao na kwenye damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Risasi hiyo haina harufu, na mboga iliyoota juu yake inaonekana nzuri tu. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu inaingia kwenye ubongo unaokua. Ukiwa na shaka na uwanja wako, hapo ndipo jenga tuta refu, tandika gunia gumu au turubai lililotobolewa chini, na ulete udongo kutoka mahali unapopajua historia yake.

Mikoko nayo isikatwe kwa ajili ya mbavu za bustani. Kuikata kunahitaji kibali cha Huduma ya Misitu, na hata bila sheria, ni hasara kukata kinachozuia bahari ili ukinge mchicha.

Wapangaji, sijawasahau. Mtu anayekodi chumba Mtwapa au Kilifi mjini, au anayeishi kwenye shamba ambalo hati yake ina jina la mtu mwingine, asijenge kwa mawe na saruji. Tumewahi kuona mwenye nyumba akipandisha kodi kwa sababu uani pamependeza. Tumia magunia, au tuta la udongo mtupu lisilo na mbavu. Tuta la udongo mtupu, likiwa na mbavu za kulala kidogo na nyasi juu yake, linakaa misimu mingi na halikugharimu kitu zaidi ya jasho. Ukihama, mboji yako unaitia kwenye magunia unakwenda nayo.

Cha kupanda ninyi ni wajuzi. Nitasema tu kwamba mchicha na kunde za majani mtaanza kuchuma wiki ya tatu au ya nne, kwa hivyo zitangulizeni, mpate cha kula huku sukuma wiki ikijenga shina kwa wiki sita hadi nane. Kwenye tuta letu la mita nne sukuma zinaingia mistari miwili, tisa kila mstari, na baina yake dania. Mchunga na mnavu vinavyojiotea pembeni msiving'oe, bibi zetu hawakuvila kwa kukosa. Nyanya, biringani na mabenda zisirudiwe tuta lile lile msimu kwa msimu, hasa penye mchanga, minyoo ya mizizi inazizoea. Mkiing'oa mkakuta mizizi ina vinundu kama shanga, msiitie kwenye mboji, chomeni. Kuhusu mbegu zinazofaa Pwani, kituo cha KALRO kipo hapo Mtwapa, waulizeni.

Na uzio. Hakuna mdudu niliyemwona akimaliza bustani kwa kasi ya kuku watatu wa jirani. Makuti yaliyosimamishwa, kimo cha kiuno, yanatosha kwa kuku. Kwa mbuzi inabidi kuzungumza na mwenye mbuzi.

Pale nyuma ya mwembe tumechimba mashimo matatu, moja penye mchanga, moja penye udongo wa kati, la tatu kule chini kwenye mfinyanzi. Maji ya kwanza yametiwa saa mbili asubuhi na yote yamezama isipokuwa la chini. Vijana watachukua mitungi watie ya pili, mama mwenye saa atuhesabie dakika. Maswali nitayapokea tukiwa huko huko.